Sabasaba tulivyoenda Tabora na familia nzima kwa siku moja, na makosa tuliyofanya

Kutoka Urambo mpaka Tabora mjini ni kama kilomita 90 hivi, lami, gari likiwa zima saa moja na nusu umefika. Ni karibu kiasi kwamba mtu unasema nitaenda tu siku yoyote, miaka inakatika hujaenda, na ukienda ni kwa mgonjwa au kufuata karatasi fulani ofisini, ukimaliza unageuza. Mimi nimeolewa Urambo mwaka wa 20 sasa, watoto watatu wote wamezaliwa hapa, na mpaka mwaka huu hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona Tabora ile tunayosimuliwa, Tabora ya shule na vyuo, Tabora ya wapagazi, ya stesheni ya Mjerumani. Naandika haya kwa sababu najua kuna wazazi wengine wa Kaliua, Urambo, Sikonge, Nzega huko wanapanga kitu kama hiki, na sisi tumelipia makosa ambayo nyie mnaweza mkayakwepa bure kabisa.

Chanzo ni binti yetu mkubwa. Alimaliza form six mwezi wa tano, alikuwa anasubiri matokeo, na alishasema akifaulu anataka kusoma ualimu Tabora hapo hapo, asiende mbali. Baba yake akasema sawa, lakini huwezi kuchagua mahali pa kukaa miaka mitatu kwa kuangalia picha kwenye simu, aende akaone kwa macho. Hela ya tumbaku ilikuwa imeingia, siyo nyingi ila ipo. Mimi nikasema kama gari linaenda basi twende wote, kijana wetu wa form two ajifunze historia, mdogo wa miaka mitano atembee, na mama mkwe wangu naye, ana miaka 73, aende akanyooshe macho. Nilimaanisha kabisa na bado naona lilikuwa wazo zuri. Utekelezaji ndio uliotuumiza.

Kosa la kwanza na kubwa kuliko yote ni siku. Tulichagua Sabasaba. Kwa akili ya nyumbani ilikuwa siku sahihi kabisa, baba watoto hana kazi, duka langu nafunga, watoto wako likizo. Hakuna aliyesimama akasema jamani, tunaenda kuona chuo siku ya sikukuu, nani atakuwa ofisini? Tulifika getini kwa chuo alichokuwa anakitaka saa 4 na nusu asubuhi, binti amevaa vizuri, amebeba daftari lenye maswali yake ameyaandika usiku, mlinzi akatusalimia kwa heshima zote akasema leo ofisi zimefungwa mama, hata wanafunzi wengi wameondoka, njooni siku ya kazi. Hakukosea chochote yule mlinzi. Binti hakusema neno, alirudi kwenye gari akakaa dirishani akaliweka daftari chini ya paja. Nilijisikia vibaya sana, maana mimi ndiye niliyesema tarehe.

Kwa hiyo kama una mtoto anayetaka kuona chuo, nenda katikati ya wiki, Jumanne mpaka Alhamisi, na piga simu kwanza uulize kama mtu wa udahili atakuwepo. Na Tabora usidhani kuna chuo kimoja tu. Ipo AMUCTA, ile yenye jina la Askofu Mkuu Mihayo ambayo iko chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kuna chuo cha ualimu, chuo cha utumishi wa umma ambacho wazee wanakiita bado uhazili, chuo cha ardhi, chuo cha reli, na chuo cha nyuki, ambacho kwa mkoa kama wetu wenye misitu ya miyombo na asali naona watoto wetu wengi hata hawajui kipo. Mtoto asiye na alama za digrii asikae nyumbani akilia wakati mji wa jirani umejaa vyuo vya diploma na cheti.

Sasa gari. Tulikodi Noah ya mtu tunayemfahamu kwa sura tu, 130,000 kwenda na kurudi, mafuta juu yake. Kwa mabasi ingetugharimu kidogo kuliko hapo, lakini na bibi mwenye magoti mabovu na mtoto mdogo tukaona tulipe tupate nafasi. Hatukukosea kukodi, tulikosea makubaliano. Tuliongea bei, hatukuongea muda. Hatukusema kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi gari ni letu, hatukusema kama akitushusha mahali anatusubiri au anaondoka, na zaidi ya hapo tulimpa hela yote asubuhi kwa sababu alisema anataka kuweka mafuta. Msifanye hivyo. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi mlangoni kwenu.

Tulipanga kutoka saa 12 asubuhi, tukatoka saa 2. Mtoto mdogo alikunywa chai ya maziwa na maandazi mawili, kufika Usoke katapika yote juu ya kitenge cha bibi yake. Hiyo nayo ni ya kwangu, mtoto ambaye hajazoea gari mpe kitu kikavu kidogo tu, chai ya maziwa aikute huko huko. Na bebeni maji ya kunawa, siyo ya kunywa tu, pamoja na mfuko na nguo ya kubadilisha ikae karibu siyo nyuma kabisa chini ya mizigo. Sweta pia, asubuhi za mwezi wa saba huku kwetu ni baridi na upepo, halafu saa 6 jua linachoma kama siyo mji ule ule.

Njiani kabla ya Ndono baba watoto alikuwa anawasimulia watoto, na hapo nilifurahi. Aliwaambia Nyerere alitoka Musoma akaja kusoma Tabora mwaka 1937, shule ambayo serikali ya Mwingereza iliianzisha miaka ya ishirini, akamaliza akaenda Makerere, halafu akarudi Tabora hiyo hiyo kufundisha St. Mary's, ambayo leo ni Milambo, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Akawaambia na mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, wanauita Uamuzi wa Busara, ambapo watu walikuwa wamekasirika kwelikweli juu ya kura tatu, yaani mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, wengi wakitaka chama kisusie, na Nyerere akawashawishi waingie kwenye uchaguzi hivyo hivyo. Kijana akauliza, sasa wale waliokataa walifanyaje? Baba yake akamjibu wapo waliotoka kabisa, Zuberi Mtemvu akaenda kuanzisha chama chake. Mimi mwenyewe hilo la Mtemvu nilikuwa nimelisahau.

Baada ya kugonga mwamba getini tulikwenda kuiona Tabora Boys, hiyo aliyosoma Nyerere, tukaishia kwa nje. Shule ina utaratibu wake, huwezi kuingia kama unaingia sokoni, mkitaka kuingia ombeni ruhusa mapema. Kijana aliangalia yale majengo akanyamaza, akauliza kama mtu wa Urambo anaweza kupangiwa pale. Nikamwambia ukifaulu vizuri form four, kwa nini isiwezekane. Dakika 10 tukaondoka, kwa sababu tulikuwa na orodha, na hiyo orodha ndiyo kosa la pili. Tulikuwa tumeandika sehemu saba: chuo, Tabora Boys, Milambo, boma la Mjerumani, tembe la Livingstone, stesheni, soko. Saba kwa siku moja, na bibi na mtoto! Kila mahali tunashuka, tunaangalia, mtu anaangalia saa, tunapanda. Mama mkwe akishuka kwenye Noah ni shughuli, akipanda ni shughuli zaidi, na hakulalamika hata mara moja, na kwa sababu hakulalamika sisi tukaona yuko sawa. Jioni ndiyo nikaona magoti yalivyovimba. Mzee wa kwetu hatakwambia amechoka mbele ya wajukuu, inabidi wewe umpimie.

Na vyoo. Ulizeni choo kila mnaposhuka hata kama hakuna anayehitaji muda huo.

Saa 6 tukaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, barabara ya vumbi. Kama mna muda wa sehemu moja tu ya historia, basi chagueni hii. Ni tembe la udongo, jumba pana lenye ua katikati na mlango wa nakshi, sasa ni makumbusho. Kuweni na salio kwenye simu, sehemu za serikali siku hizi malipo mengi ni kwa control namba, na ombeni maelezo, msizunguke tu kusoma karatasi za ukutani. Sisi aliyetuhudumia alitueleza kwa utulivu mpaka mdogo akaacha kukimbia.

Kitu ambacho sikutegemea ni jinsi watoto wa Urambo walivyoamka aliposikika Mirambo. Wao kaburi la Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi, wamekua nalo, ni jina la nyumbani. Sasa hapa wanaambiwa mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari wa gazeti, alikuwa akikaa kwenye tembe hili akimtafuta Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, Waarabu wa Unyanyembe walikuwa vitani na Mirambo kwa sababu kaifunga njia ya kwenda Ujiji, Stanley akajiunga nao kwenda kumpiga, na Mirambo akawageuzia kibao, akaja mpaka Tabora akachoma nyumba. Stanley ilibidi azunguke kwa kusini ndiyo afike Ujiji. Kijana wangu alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, anamwambia dada yake, unaona, walimshindwa! Kisha wakaambiwa mwaka 1876 huyo huyo Stanley alirudi akachanjiana damu na Mirambo, wakawa ndugu. Hayo yote yako kilomita 90 kutoka kitandani kwao.

Livingstone na Stanley walifika hapo pamoja Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki miezi anasubiri wapagazi, akaondoka Agosti, na mwaka uliofuata akafia kule ambako leo ni Zambia. Hapo mwelezaji akasema jambo ambalo lilimfanya mama mkwe aliyekuwa amekaa kwenye kibaraza asimame. Watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliuzika moyo chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kuurudisha pwani. Walipofika hapa hapa Kwihara walimkuta mzungu mmoja wa jeshi la maji, Cameron, akawashauri wauzike tu papa hapa. Wakakataa. Wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Mama akauliza, kwa miguu? Kwa miguu mama. Akauliza tena, na walilipwa? Mwelezaji akasema hawakupewa shukrani waliyostahili. Mama akatikisa kichwa, akarudi kukaa.

Tukatoka nje saa 7, gari hakuna.

Baba watoto akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena. Ilipokuja kupokelewa dereva anasema yuko karibu anakuja, kelele za stendi zinasikika nyuma, yaani katuacha kaenda kupiga tripu zake na gari tulilolipia sisi. Jua kali, maji yamebaki chupa moja, mtoto ana njaa, chakula tulipanga kula mjini. Nilikasirika mpaka nikatetemeka, nikamgeuzia mume wangu maneno makali mbele ya mama yake, jambo ambalo silifanyi, na nilimwomba radhi baadaye. Tulikaa pale mpaka saa 9 kasoro. Tungeweza kuita bajaji mbili tukaondoka kwa hela ndogo tu, lakini hasira zinakufunga akili, tulikuwa tunasema tumeshalipa, tumeshalipa. Kama gari limewakimbia msikae mnasubiri haki, chukueni bajaji mkale, hesabu ya dereva itafanyika baadaye.

Tulikaa chini ya mwembe. Miembe ile ya Kwihara na Tabora watu husema ilipandwa enzi za misafara, na kivuli chake ni kikubwa kweli. Nilikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye mfuko nimebeba kutoka nyumbani, hiyo ndiyo ilituokoa, tukagawana. Na hapo, tukiwa tumekaa hatuna pa kwenda, mama mkwe akaanza kuongea, hakuna aliyemwomba.

Akasema babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Siyo wa Livingstone, wa baadaye, vita ya Mjerumani. Alichukuliwa kijijini akiwa kijana ambaye hajaoa, akabebeshwa mizigo, na Wabelgiji walipokaribia Tabora Mjerumani akakimbilia kusini upande wa Iringa na yeye akiwa nyuma na mzigo kichwani. Kijana wetu akadakia, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, amesoma. Mama akasema mwaka mimi siujui, ninachojua alirudi baada ya muda mrefu, nyumbani walishamlilia, na bega moja lilikuwa limeshuka, mpaka anakufa hakuweza kuinua mkono huo juu ya sikio. Akatuonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Akasema walikuwa wanabeba mzigo kama nusu robota la tumbaku, kutwa nzima, na wenzake waliokufa njiani hawakuzikwa, waliachwa. Halafu akaimba, taratibu, maneno ya Kinyamwezi ambayo babu huyo alikuwa akiyaimba akilima, ya kumwita mwenzake aliyeko nyuma aharakishe, jua linazama.

Miaka 20 nimekaa na huyu mama, nimempikia, amenilelea watoto, sikuwahi kuyasikia haya. Baba watoto naye hakuwahi, mwanae wa kumzaa. Akamuuliza, mama mbona hujawahi kutuambia? Mama akasema, mbona hamkuuliza, na nyie mko mbio siku zote.

Nikatafuta simu nirekodi, simu imekufa chaji, ya kijana imekufa pia kwa sababu ya gemu njiani. Binti akachomoa lile daftari lake la maswali ya chuo, akageuza nyuma, akaanza kuandika. Jina la babu, kijiji, maneno ya wimbo, akimuuliza bibi yake neno hili linaandikwaje, bibi anamtamkia tena polepole. Aliandika kurasa nne. Beba power bank jamani, na kama una mzee kwenye safari mkae naye mahali pamoja muda mrefu, hata chini ya mti tu.

Dereva akaja na sababu zake, sina haja ya kuziandika. Tulikula mjini saa 9 na nusu kwa mama ntilie karibu na soko, wali maharage na nyama 3,000 sahani, ukipenda ugali bei ile ile. Milambo na boma tukavifuta. Stesheni tuliipita ndani ya gari, mama alishika kioo anaangalia, baba watoto akawa anasema reli ilifika hapa 1912, Kigoma 1914, ile ya Mwanza ikaja 1928, na gari limeshapita. Sokoni nikanunua asali lita mbili, nikawekewa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizotumika, moja ikavuja kwenye kiti. Asali bebeni dumu lenu lenye mfuniko wa kukaza, na onjeni kabla ya kulipa. Nyumbani tulifika saa 2 usiku. Tuliondoka na jumla ya kama 215,000 mifukoni, tukarudi na 18,000, na lengo kuu la safari tulikuwa hatujalitimiza.

Wiki mbili baadaye binti alirudi na baba yake, Jumanne, kwa basi la asubuhi, wawili tu. Alipata mtu wa kumjibu kila swali: ada inalipwa kwa awamu ngapi, hosteli za ndani zinatosha wangapi, mkopo ukichelewa mwanafunzi anafanyaje. Maombi yenyewe ni ya mtandaoni, huhitaji kusafiri kwa ajili ya hayo, lakini vyumba vya kupanga mtaani alitembea akaviona kwa macho, vingine havina maji, vingine viko mbali na usiku kuna giza, na hilo simu haikuonyeshi. Saa 9 mchana walikuwa washamaliza, wakala, wakapanda basi. Amejaza fomu.

Lile daftari analo bado, maswali ya chuo mbele na ya bibi nyuma, na kila wikiendi anaongeza. Mama naye amesema anataka kurudi Tabora, ila safari hii hataki kuzungushwa, anataka apelekwe stesheni akae kwenye benchi aone treni ya Kigoma ikiingia. Ameniuliza ni Jumanne ipi. Nimemwambia naulizia kwanza ratiba.